Kiti cha Kushoto

Mimi ni fundi, na sina tabia ya kusimulia habari za wateja. Gari likishatoka getini, na maneno yake yametoka nalo. Lakini huyu Mwalimu Getruda watu wamemsema sana hapa Mkolani, Mwanza, na mimi pia wamenisema, tena wanasema uongo mtupu. Sasa nitaeleza mwenyewe, na atakayeendelea kuropoka baada ya hapo shauri yake.

Naitwa Mashimba. Mwaka wa thelathini na moja huu natengeneza magari, na kazi yangu hasa ni maji: rejeta, pampu, mipira, kila kitu kinachoipooza injini. Gereji yangu imeegemea jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe ndipo ninapoishi, peke yangu. Mke wangu Suzana alikwenda Kahama kumsaidia binti yetu aliyekuwa amejifungua. Aliaga kwamba anakwenda wiki mbili, na huu ni mwaka wa tatu. Akipiga simu ananiuliza hali, namjibu niko sawa. Watu nao wakiniuliza nawajibu hivyohivyo, kisha naokota spana hata kama sina cha kufungua.

Basi, Jumanne moja asubuhi likaingia gari jekundu. Jamani, gari! Milango miwili, viti viwili, limelala chini kama chura. Wauza mkaa walisimama, mama wa maandazi akaacha mafuta yaungue. Mlango ukafunguka, na badala ya kijana mwenye miwani ya jua akatoka mama wa miaka sitini na kitu, nywele za mvi zimenyolewa, kitenge, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, fundi. Mimi ni Mwalimu Getruda, natoka Pasiansi. Gari hili linachemka, na linakunywa maji, na maji hayaonekani yanakokwenda. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye maji."

Nikampenda hapohapo, kwa sababu mteja mwingine angesema tu "gari linasumbua" halafu akae akiangalia simu. Huyu alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini na minne katika shule ya wasichana. Miaka yote hiyo alichora injini ubaoni kwa chaki bila kumiliki hata baiskeli. Alipostaafu, mhandisi mmoja wa machimboni alikuwa anarudi kwao na anauza gari lake, na mwalimu akalichukua. Hakuwahi kuolewa, hana mtoto. Kanisani kwao walimwambia, "Mwalimu, si ungechukua hata gari la watu saba?" Akawauliza, "Hao saba ni nani?"

Nikamuuliza nani wameligusa kabla yangu. Akaanza kutaja kwa vidole. Fundi wa kwanza, kule Mirongo, alitoa themostati, kile kifaa kinachosawazisha joto la injini, akaitupa. Huo ndio ugonjwa wetu mafundi wa huku: gari likipata joto kidogo tu, tunatoa themostati, kana kwamba waliotengeneza gari waliiweka kwa kusahau. Wa pili alivunja mayai mawili mabichi akayamimina kwenye rejeta ili yazibe tundu.

"Mayai!" nikafoka. "Injini ni kikaango? Na wewe mwalimu wa fizikia ukakaa unatazama?"

"Nilikuwa nimekwenda kununua maji ya kunywa," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuta maganda."

Wa tatu alisema gasketi ya hedi, ile inayotenganisha maji na oili ndani ya injini, imekufa, injini ifunguliwe. Hapo ndipo alipomkimbia akaja kwangu.

Kisha akanieleza kwa nini ana haraka. Ana mdogo wake, Evelina, mjane, anakaa Bunda. Watoto wa Evelina wako mbali, na mwalimu yuko Pasiansi kwenye nyumba ya vyumba vinne, chumba kimoja ndicho kinacholala mtu. Kila Jumapili baada ya misa humpigia simu kumwomba aje waishi pamoja, wazeeke wakigombana kama zamani. Miaka mitatu Evelina anasema ataona. Wiki iliyopita ndipo alipokubali, lakini kwa sharti. Alisema: "Uje Jumamosi unichukue mwenyewe na hilo gari lako linalosemwa. Likinifikisha salama, nakaa. Likinizimikia njiani, nitajua Mungu amekataa, narudi kwangu."

"Na ukimjua Evelina," mwalimu akasema, "anatafuta hilo la kuzima."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Chumba chake nimeshakipaka rangi."

Nikavaa ovaroli. Nilijaza maji, nikafunga pampu yangu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, nikapiga. Mshale ukapanda, ukatulia kidogo, ukaanza kushuka. Hapo unajua pana tundu. Nikachungulia rejeta, kavu. Mipira yote, kavu. Pampu ya maji, kavu. Nikalala chini na tochi, nikatazama mpaka shingo ikakakamaa, na chini ya gari hakukuwa na tone hata moja. Nikafungua kifuniko cha oili, oili safi. Nikatoa plagi, plagi ziko sawa. Saa sita ikafika sijapata kitu, jua limekaza, na mimi nikikosa kitu nakuwa mkali hata kwa paka.

Nikafuta mikono nikamwambia, "Gasketi ya hedi."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kreti la soda. "Kuifungua ni siku ngapi?"

"Wiki. Hedi lazima ipelekwe mjini ikasawazishwe."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi sahau."

Akavua miwani. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta kitu cha kufanya. Hakulia. Aliifuta kwa kitenge, akaivaa tena, akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake, nadhani.

"Fundi Mashimba, moshi mweupe umeuona?"

"Hapana."

"Oili imechanganyika na maji?"

"Hapana."

"Basi ushahidi uko wapi? Umenijibu kwa mazoea. Wa tatu naye alinijibu kwa mazoea."

Wee! Miaka thelathini na moja, naambiwa hivyo mbele ya mama wa maandazi! Kidogo nimwambie achukue chura wake aondoke. Niliingia ndani, nikanywa maji, nikakaa kitandani. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilisema gasketi kwa sababu nilichoka kutafuta.

Nilipotoka alikuwa bado yupo kwenye kreti lilelile. Nikaiwasha injini ingurume kidogo niangalie geji ya joto upya, na hapo ndipo Mungu aliponisaidia kwa uzembe wangu mwenyewe: asubuhi nililiegesha gari karibu mno na jiwe. Lilikuwa limesogea kidogo wakati wa kupiga jeki, na sasa mlango wa dereva haufunguki. Niliwasha kwa kupenyeza mkono dirishani, kisha nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa kushoto, nikakaa kwenye kiti cha abiria. Nilikuwa na malapa miguuni. Mguu ukagusa kapeti, ukazama.

Maji!

Nikaingiza mkono chini ya kapeti. Lilikuwa limelowa chapachapa mpaka kwenye bati. Nikanusa vidole: harufu tamu, kama juisi ya miwa iliyolala. Nikajua ni kulanti, yale maji ya kijani ya kupoozea injini. Nikapiga kelele, "Mwalimu! Njoo!"

Akaja mbio.

"Hivi abiria wako hawajawahi kukwambia huku chini kumelowa?"

"Abiria yupi?"

"Yeyote. Anayekaa hapa."

Akakitazama kile kiti kama vile hajawahi kukiona. "Hapo naweka mkoba," akasema. "Na Jumapili, Biblia."

"Juu ya kiti?"

"Juu ya kiti."

"Na chini? Hakuna aliyeweka miguu?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, maana mwalimu ukimuuliza swali anatafuta jibu sahihi. "Nina mwaka na miezi minne na gari hili," akasema. "Hapana. Hakuna."

Sikujua nitazame wapi. Nikajifanya nakagua dashibodi.

Nikamweleza. Ndani ya dashibodi, upande wa kushoto, kuna rejeta nyingine ndogo, ya hita, ya kuwapasha joto watu wa nchi za baridi. Sasa Mwanza nani anawasha hita? Mafundi wa huku tunazaliwa, tunazeeka, na kitufe kile hatujakigusa, tunakisahau kama hakipo. Lakini maji ya injini yanapita mle kutwa nzima, uwashe usiwashe. Rejeta ile ilikuwa imetoboka, inavujia miguuni pa abiria, na kapeti linanyonya kimya kimya. Angekuwepo mtu mmoja tu wa kumpa lifti hadi sokoni, angesema siku ya kwanza, "Mwalimu, viatu vyangu vimelowa." Tundu lingejulikana siku hiyohiyo.

"Ndiyo maana kioo kilikuwa na ukungu kila asubuhi," mwalimu akasema polepole. "Nilifikiri ni hewa ya ziwa. Nilikuwa nafuta kwa leso."

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima. Niliikata hita kabisa, nikaunganisha mipira yake miwili ili maji yarudi kwenye injini bila kupita mle. Nikasafisha yale mayai, astaghafiru, nilisafisha mpaka nikachukia kuku wote. Nikafunga themostati mpya, nikajaza kulanti ya kweli, nikatoa hewa. Nikapiga presha, mshale ukasimama palepale. Tulisimama wawili tukiutazama ule mshale robo saa nzima, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Kapeti nikalitoa nikalianika juu ya jiwe. Chini, upande wa kushoto, nikatandika boksi la biskuti nililolikunjua, upande mweupe juu. Ndivyo ninavyopima kazi yangu siku zote. "Usilitoe," nikamwambia. "Nenda nalo Bunda, rudi nalo. Likipata hata tone moja, doa litaonekana. Uje nalo Jumatatu nilione."

"Evelina ana viatu vizito, tena Bunda kuna vumbi," akasema. "Atakuchafulia boksi lako."

"Achafue. Vumbi si maji."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka. Ana mwanya.

Jumamosi ile sikufanya kazi ya maana. Saa mbili nikasema sasa yuko Kisesa. Saa tatu nikasema amepita Magu. Nilikuwa nawaza ile mipira miwili, je, klipu nilikaza? Nilikaza. Nilikaza vizuri? Mchana akilini nikawaona wako Lamadi wakirudi, Evelina kushoto, mizigo mapajani, anatafuta kosa na hapati. Nilitegemea simu, simu haikulia. Jumapili pia kimya. Nikasema si neno, watu wamekutana, wana maneno ya miaka mingi, nani atamkumbuka fundi.

Jumatatu saa nne likaingia. Nililisikia kabla sijaliona, injini inaimba. Mwalimu akashuka.

"Shikamoo, mwalimu. Mshale?"

"Marahaba. Haukutikisika. Kwenda na kurudi."

"Nilisema mimi!" Nikazunguka kama mtoto, nikafungua mlango wa kushoto, nikainama. Boksi lilikuwa jeupe. Nikalipapasa pembe zote, nikaliinua, nikatazama chini yake. Kavu. "Kavu kabisa!" nikapiga kelele. "Tazama, mwalimu, hata doa! Jeupe kama nilivyoliweka! Halina hata…"

Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa. Halikuwa na hata vumbi. Halikuwa na alama ya kiatu.

Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, mkono juu ya paa.

"Alikuwa amefunga mizigo," akasema. "Nilimkuta nayo mlangoni. Akalizunguka gari, akalisifu, tena sana. Akafungua mlango huo, akakigusa kiti. Halafu akakumbuka kuku."

"Kuku?"

"Ana kuku wanane. Akasema atawaachia nani. Nikamwambia tuwabebe, nimekuja na kamba. Akasema gari zuri hivi, haiwezekani." Akapangusa paa kwa kiganja. "Akanipa mayai ya kurudi nayo."

Nilimchukia yule Evelina ambaye sijawahi kumwona, nikawachukia na kuku wake.

"Gari lako halikuwa na kosa, fundi," mwalimu akasema. "Afadhali lingechemka. Ningekuja hapa nikugombeze, yakaisha."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeshinda siku sita nikijua kwamba tatizo la yule mama ni maji, na nimelimaliza. Nilisimama na kile kipande cha boksi mkononi. Kisha nikalitandika tena pale chini, nikalinyoosha, nikasema jambo la kipuuzi.

"Hatujapima likiwa na watu wawili. Uzito ukiongezeka, joto linapanda. Lazima fundi akae ndani."

Akanitazama juu ya miwani. "Fizikia hiyo umeisomea wapi?"

"Mkolani."

Hakucheka, lakini alizunguka akakaa kwenye usukani. Nami nikaingia na ovaroli langu, nikakanyaga boksi jeupe kwa malapa yenye oili. Tukateremka hadi Nyegezi, mpaka yanapoonekana maji ya ziwa. Akasimamisha gari, injini akaiacha inanguruma, akawa anatazama mshale na mimi natazama mshale. Watu wote wa njiani walituona, na huo uongo wote unaosikia ulianzia hapo. Hatukufanya lolote jingine. Tulitazama geji.

Halafu akaniuliza, bila kugeuka, "Mkeo yuko wapi?"

"Kahama. Anamlea mjukuu. Alikwenda wiki mbili."

"Umemwambia arudi?"

"Namwambia niko sawa."

"Sijauliza hilo, Mashimba."

Mganga hajigangi. Nilimjibu hapana, sijamwambia. Akauliza kwa nini, nikamwambia geji iko sawa, turudi gereji.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikampigia Suzana. Akauliza hali kama kawaida. Nikasema, "Siko sawa. Nyumba imenishinda. Rudi." Nyuma yake nilisikia mtoto anacheka, na televisheni. Kisha akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Baba Precious, ungesema mwaka juzi."

Huo ni mwezi na zaidi sasa. Juzi Jumanne mwalimu alikuja tena. Gari halina shida, alisema, ila fundi mzuri anapima kazi yake. Nikafungua boneti, nikatazama kulanti, imejaa palepale. Nikafungua mlango wa kushoto. Mkoba juu ya kiti. Chini, boksi langu bado lipo, na alama mbili za malapa, nyeusi, za kwangu. Nikainama nikatafuta nyingine. Hakuna.

"Mwalimu, hujalitoa hili boksi?"

"Ulisema nisilitoe."

Nikahamisha mkoba, nikaingia, nikaweka miguu palepale.